Kibao cha Nane

Asubuhi moja ya Septemba 1995, Albertine aliingia pori la Kyanika kuokota kuni, na kwenye kibao cha tatu akakuta mtu ameshaandika tarehe ya siku hiyo.

Alisimama akaitazama. Chaki ilikuwa mbichi, unga wake bado umeganda kwenye ukingo wa ubao. Chini ya tarehe palikuwa na herufi mbili: A.M.

Kyanika ni pori la hifadhi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kikula, mtaa wa mji wa Likasi. Lilitengwa tangu zamani kwa ajili ya chemchemi iliyo katikati yake, ambayo maji yake hushuka hadi mjini. Njia moja tu inalizunguka. Inaanzia mbele ya nyumba ya mlinzi, inapanda mpaka kwenye chemchemi, inapita nyuma ya kilima, kisha inarudi kwenye mlango ule ule. Kando yake vimesimama vibao kumi na viwili vyeusi vyenye namba. Miaka ya neema watu wa Likasi walikuja Jumapili za Septemba, na watoto na vikapu vya chakula, wakalizunguka pori lote ili waone majani tu. Maana katika mwezi huo, kabla ya mvua, ardhi ikiwa bado imepasuka, miti ya miombo huchipua majani mekundu kama shaba iliyotoka motoni. Matembezi hayo waliyaita tour. Walinzi nao walifanya tour yao kila asubuhi, na kwenye kila kibao waliandika tarehe na herufi za majina yao, ili mkubwa wao akija ajue wamepita.

Mkubwa aliacha kuja. Mshahara ukakatika, wageni wakaisha. Walinzi walikuwa wawili: Firmin, mume wa Albertine, na Ambroise Mutombo. Ambroise alizaliwa Likasi, mtaa mmoja na Firmin, lakini babu yake alitoka Kasai, na mwaka 1993 hilo lilitosha. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na mapanga wakiwatoa watu wa Kasai. Familia nzima zililala kwenye kituo cha treni, miezi na miezi, zikingoja behewa la kuzipeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Firmin alisema Ambroise alipanda treni. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Mwaka ule watu wengi walitoweka, na jibu lilikuwa hilo hilo.

Albertine alirudi nyumbani na kuni nusu ya mzigo. Siku hizo waliishi wawili tu, maana binti yao Jenny alikuwa akisoma mjini. Firmin alikuwa amekaa kizingitini, ananoa panga ambalo halikuwa butu.

"Baba Jenny, ni weye uliandika ku kibao?"

"Kibao gani?"

"Ya tatu. Kuko tarehe ya leo. Na A.M."

Firmin aliacha kunoa. "Ni batoto banacheza."

"Batoto gani banatoka Kikula mbele ya jua kutoka, banakuja kuandika A.M.?"

Firmin aliinuka. Aliondoka bila kofia, akapanda njia kwa haraka, na aliporudi mkono wa shati lake ulikuwa mweupe kwa chaki mpaka kwenye kiwiko. Albertine aliona hilo, akakumbuka na jingine: kwa miaka miwili mumewe hakuwa ameingia porini. Aliaga kila asubuhi kwamba anakwenda kufanya tour, akakaa nyuma ya choo mpaka saa nne, kisha akarudi. Albertine alilijua hilo muda mrefu. Alidhani ni uvivu wa mtu ambaye halipwi.

Kesho yake tarehe ilikuwa kwenye vibao vitano.

Siku ya tatu mambo yakaingia nyumbani. Ilianza harufu. Haikuwa ya moshi wa jikoni, ambao ni kitu cha kila siku, bali ya tanuru la makaa linalofuka chini ya udongo, harufu ya kuni zinazoiva bila kuwaka, na chini yake kitu kingine kizito kama mafuta. Ilikaa kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye unga wa mahindi. Albertine alifua kila kitu kwa maji ya chemchemi, akaanika, na nguo zilipokauka zilinuka zaidi.

Kisha kikohozi. Kila asubuhi saa kumi na mbili, jua likitoka, mtu alikohoa nje mbele ya mlango, mara tatu, kikohozi kikavu cha mtu aliyemeza vumbi. Viatu vya ngozi vikakanyaga changarawe, vikaelekea kwenye kibao cha kwanza, na baada ya hapo palibaki kimya. Albertine alifungua mlango mara mbili. Hakukuta mtu. Kokoto zilikuwa zimelala vile vile, hazina alama.

Na hasira. Hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko kikohozi. Iliingia nyumbani kama joto la bati mchana. Firmin alivunja sahani kwa sababu bukari, ugali wa mahindi, ilikuwa na donge. Albertine naye, ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kumwinulia mtu sauti, alijikuta amesimama na mwiko mkononi akitazama kisogo cha mumewe, akitamani kumpiga, na hajui kwa nini. Aliuweka mwiko chini taratibu.

"Kuna kintu mu hii nyumba," alisema kwa sauti ya chini.

"Nyamaza," Firmin alinong'ona. "Usikiite."

"Nisikiite namna gani? Iko na jina?"

Firmin aliziba masikio kwa mikono yake miwili, kama mtoto.

Siku ya saba mwanamke alitokea kwenye njia ya Kikula, amejifunga kitenge kilichopauka, mguuni ndala zilizoshonwa kwa waya. Albertine hakumtambua mpaka alipofika karibu. Alikuwa Josée, mke wa Ambroise. Mwaka 1993 alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Sasa mifupa ya uso ilikuwa imetokeza, na hakuwa anacheka.

"Mama Jenny, jambo."

"Mama Josée. Karibu. Karibu, ikala."

"Sitaikala. Nimetoka Mwene-Ditu, kule Kasai, nimefanya siku kumi na moja mu njia. Nimekuja kuuliza neno moja." Alimgeukia Firmin, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Papa Firmin. Bwana yangu iko wapi?"

"Alipanda train," Firmin alisema. "Minye niliona na macho yangu."

"Train gani?"

"Ya Septemba."

"Minye nilikuwa pale ku gare," Josée alisema. Hakupandisha sauti. "Nililala pale chini na batoto miezi tano. Mutoto yangu ya mwisho alikufia pale, juu ya karton. Kila train iliondoka, nilisimama ku mlango, niliangalia kila sura. Ambroise hakupanda. Weye njo ulinitumia habari kama ametangulia, nisimungojee. Nilipanda juu ya ile neno yako. Kule hakufika. Kwa baba yake hakufika. Sasa nakuuliza tena."

Firmin alifungua mdomo. "Alipanda," alisema, na moshi ukatoka kinywani mwake.

Wanawake wote wawili waliuona. Ulikuwa moshi wa kijivu, mchana kweupe, umetoka pamoja na neno, ukapanda mbele ya uso wake ukapotea. Alifunga mdomo kwa kiganja.

Josée hakukimbia. Albertine hakulisahau jambo hilo: mwanamke yule alikuwa ameshaona mambo mabaya kuliko moshi. Aliangalia vibao vilivyoonekana kati ya miti, akaona maandishi meupe, akasogea mpaka kwenye cha kwanza na kugusa herufi kwa kidole.

"Hii ni mukono yake," alisema. "M yake iko na mukia. Alipita hapa leo."

"Mama Josée," Albertine alisema, "kila siku anapita."

"Basi tutamufuata. Tutafanya tour, sisi batatu."

"Minye siendi," Firmin alisema.

Albertine alisogea karibu naye mpaka wakapumua hewa moja. Hasira ile ilikuwa imemshika tena, lakini safari hii aliijua ni yake mwenyewe. "Utaenda," alimwambia. "Utatangulia."

Wakaenda.

Mwanzoni pori lilikuwa zuri, na uzuri wenyewe ulikuwa mgumu kuustahimili. Majani mapya yalining'inia laini kama ngozi ya mtoto, mekundu, ya waridi, ya rangi ya mvinyo, na jua lilipopita katikati yake nyuso zao zote tatu zikawa nyekundu. Walipita kibao cha pili, cha tatu, cha nne. Kila kimoja kilikuwa na tarehe ya leo. Kwenye chemchemi Josée alikunywa maji kwa mkono. Firmin hakunywa. Baada ya kibao cha sita miti ilianza kupungua: visiki, visiki tena, magogo yaliyoachwa, ardhi nyeusi. Wachoma makaa walikuwa wamekula upande wote wa nyuma ya kilima, mahali ambapo mtu wa barabarani haoni.

"Nani alibafungulia njia?" Josée aliuliza.

Firmin aliongeza mwendo.

Walipita kibao cha saba. Walipita cha nane, kilichosimama chini ya mti wa mupundu ulioachwa peke yake. Njia ilipinda kushoto, ikashuka kidogo, ikapanda, na mbele yao kikatokea kibao chini ya mti wa mupundu, nacho kilikuwa cha nane.

Waliendelea. Njia ikapinda kushoto, ikashuka, ikapanda.

Cha nane.

"Tumepotea," Albertine alinong'ona.

"Hapa hakuna mahali pa kupotelea," Josée alisema. "Njia ni moja."

Mara ya nne Albertine alianza kusikia hatua nyuma yao, hatua za viatu vya ngozi ambazo hazikuharakisha wala hazikuchelewa, zilizosimama waliposimama na kuanza walipoanza, na alipogeuka aliona njia nyekundu ya vumbi na nyayo zao watatu zikiwa zimechapwa wazi, na juu ya nyayo za Firmin, ndani yake hasa, nyayo nyingine kubwa zaidi, kana kwamba mtu alikuwa akiweka miguu yake kwa uangalifu pale pale mumewe alipotoa ya kwake, na joto likazidi, si joto la jua bali joto linalopanda kutoka chini kupitia kandambili, na harufu ile ya nyumbani ikawafikia kwa nguvu hata ikawatoa machozi, na ndege wote, ambao tangu asubuhi walikuwa wakipiga kelele kwenye matawi, wakanyamaza kwa pamoja kama watu wanaotaka kusikiliza.

Mtu akakohoa. Mara tatu. Sauti ilitoka ardhini.

Firmin alianguka kwa magoti mbele ya kibao. Tarehe ya leo haikuwapo tena pale. Iliandikwa 14.9.93, na chaki ilikuwa mbichi.

"Sema," Josée alimwambia.

"Alipanda…" Firmin alianza, na moshi ukamjaa kinywani, ukatoka puani, akakohoa majivu juu ya kifua cha shati lake. Alilia bila sauti. Alimwangalia mkewe, kama anayemwomba amsemee.

"Usiniangalie minye," Albertine alisema. "Sema, Baba Jenny. Hakuna njia ingine ya kutoka hapa."

Basi akasema, na aliposema kweli, moshi ulikatika.

Alisema kwamba Ambroise hakwenda kituoni siku zile za mapanga. Alikimbilia porini, akakaa kwenye kibanda cha chemchemi, na yeye Firmin ndiye aliyempelekea bukari usiku, kwa siku arobaini. Hilo lilikuwa la kweli, na alilisema mara mbili, kama mtu anayeshikilia ukingo wa shimo. Lakini siku hizo hizo Magloire, mwenye lori la makaa, alikuja kumtaka afungue njia ya nyuma ya kilima. Nyumbani hapakuwa na unga. Firmin alifungua.

"Nilimuambia Ambroise, wakikuja weye ikala kimya. Hii haikuangalii tena. Serikali imekufa, kazi imekufa. Lakini alisikia mashoka. Alivaa viatu yake ya kazi. Alivaa, muntu anatafutwa na mapanga muji muzima, akatoka kuwafukuza. Alisema, hii ni maji ya bantu. Alisema ni tour yake."

"Halafu?"

"Magloire alimupiga na mupini ya shoka. Hapa." Aligusa nyuma ya sikio. "Alianguka. Tanuru ilikuwa imepangwa tayari, kuni zote, ilibakia udongo tu. Magloire alisema, nani atamuulizia huyu? Bote banajua bameondoka. Alinipa pauni."

"Alikupa nini?"

"Chepe. Ya kufunika udongo."

Josée alikuwa ameshika kibao kwa mikono miwili. "Alikuwa amekufa?" aliuliza polepole. "Papa Firmin. Mbele ya kufunika. Alikuwa amekufa?"

Pori lote lilingoja. Firmin aliweka paji la uso ardhini.

"Alikuwa anakohoa," alisema.

Hakuna mtu aliyelia. Albertine alihisi masikio yake yamejaa maji, na ndani ya maji hayo neno moja dogo likaja likipanda kutoka mbali. Septemba 1993. Mwisho wa mwezi. Gunia la makaa ambalo Firmin alilileta nyumbani mgongoni, jeusi, zuri, makaa makubwa yanayolia kama kengele ukiyagonganisha. Na yeye alifurahi, alimsifu mumewe, alijaza mbabula yake, jiko la makaa, mpaka juu, akapika.

"Ile gunia," alisema.

Firmin hakuinua kichwa.

"Ile gunia ulileta. Ilitoka mu ile tanuru?"

"Magloire njo alinipa. Sikuweza kukataa, angejua…"

"Minye nilipika, Firmin." Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumwita jina lake. "Nilipikia mutoto yangu. Jenny alikula."

Aligeuka kando akatapika mpaka tumbo likabaki tupu. Alipojifuta mdomo Josée alikuwa amesimama karibu naye, mkono wake mgongoni kwake. Mjane wa mtu aliyechomwa akimshika mwanamke aliyepika kwa makaa yale. Albertine alitaka kuomba msamaha, na Josée akatikisa kichwa.

"Si weye," alisema. "Njoo tumutoe."

Hatua ishirini kutoka kwenye kibao palikuwa na duara la ardhi nyeusi lisilo na jani hata moja. Miaka miwili ya mvua ilikuwa imepita juu yake, na udongo ulikuwa na joto kama mkate. Wanawake walichimba kwa vijiti na kwa mikono. Firmin aliwatazama, hakuthubutu kusogea. Kadiri walivyochimba kikohozi kilisikika karibu zaidi, kisha kikawa kati yao, kisha, Josée alipoingiza mkono mpaka begani na kutoa kitu cha kwanza, kikaacha. Kilikuwa kisigino cha kiatu, misumari yake bado imekaa kwenye mstari. Baadaye wakapata kifungo cha mkanda cha shaba chenye namba ya mlinzi. Baadaye wakapata mifupa. Haikuwa mingi. Josée alifungua kitenge chake, akabaki na gauni la ndani, akaipanga mmoja mmoja, akiisemesha kwa Kiluba maneno ambayo Albertine hakuyaelewa na hakuuliza.

Upepo ukavuma. Ndege mmoja akalia, halafu wote.

Waliposimama kuondoka, njia ilipinda kushoto, ikashuka, ikapanda, na mbele yao kikawa kibao cha tisa.

"Muningojee," Firmin aliita nyuma yao. Alikuwa ameinuka, anakuja mbio. "Mama Jenny. Ningojee."

Albertine hakungoja. Alisikia miguu yake ikikaribia, ikikaribia, kisha ikaanza kwenda mbali, ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia kwa nguvu zote. Kwenye kibao cha kumi na mbili aligeuka. Njia ilikuwa tupu. Kutoka nyuma ya kilima sauti ya mumewe iliwafikia mara moja tu, ndogo, ikitaja namba: "Nane."

Wale wanawake wawili walikwenda kwenye ofisi ya serikali mjini na kifurushi chao. Afisa mmoja aliwasikiliza, akafungua daftari, akawaambia kwamba katika orodha Ambroise Mutombo amehesabiwa miongoni mwa waliosafiri, kwa hiyo hawezi kuwa amekufa Likasi. Josée aliweka kifungo cha mkanda juu ya meza. Afisa akakisukuma kando kwa kalamu. Akauliza kama wanaelewa jina la Magloire lina uzito gani siku hizi. Waliondoka. Magloire hakukamatwa wakati huo wala baadaye. Alihamisha mashoka yake kwenye pori jingine, kwa kuwa wafanyakazi wake walikataa kurudi Kyanika. Walisema kila tanuru wanalofungua wanakuta udongo baridi. Padri wa parokia alikubali kumzika Ambroise saa sita mchana, kengele ikipigwa. Albertine ndiye aliyebeba msalaba. Siku ya tatu Josée alipanda treni, na safari hii Albertine alisimama kwenye kituo, akamwangalia mpaka behewa la mwisho likapotea.

Yeye akahamia Kikula, kwenye chumba kimoja, akawa anauza vitumbua sokoni. Anapika kwa kuni. Makaa hayagusi.

Waokota uyoga walianza kuleta habari mvua zilipoanza. Firmin yumo Kyanika. Anazunguka. Anatokea kwenye kibao cha kumi na mbili, anafika mbele ya nyumba yake mwenyewe, na hapo badala ya kuingia anageuka, anaanza upya. Wanaume wanne walijaribu kumshika. Aliwaburuta wote bila kuwatazama, kama mtu anayevutwa kwa kamba. Dada yake, Carine, alikuwa akimwachia chakula njiani. Alikuwa anakula huku anatembea.

Mwezi wa Desemba Carine alimleta mganga, Mama Kabange, mwanamke mzee kutoka upande wa Koni, mwenye kutoa mapepo ya mtoni na ya porini. Mama Kabange alikaa mbele ya nyumba ya mlinzi siku nzima, hakuchoma dawa, hakupiga ngoma, alimwangalia Firmin akipita mara ya kwanza na mara ya pili. Jioni alishuka mpaka Kikula, yeye na Carine, wakamkuta Albertine anaosha sufuria.

"Yule maiti ameenda," Mama Kabange alisema. "Alienda na bibi yake. Hana neno na muntu tena."

"Basi nini inamushika ndugu yangu?" Carine aliuliza.

"Jini ya pori. Alikuwa pale tangu zamani, amelala. Hasira ya maiti njo ilimuamusha, alikula, alishiba. Yule maiti akaondoka, jini akabakia na njaa." Alimtazama Albertine, bila ukali. "Sasa anakula hasira yako, mama. Kila siku. Ni sauti yako tu anasikia. Ukimuambia aachilie, ataachilia. Minye sina dawa ingine."

"Yaya Albertine," Carine alisema, akimwita kama dada mkubwa, na machozi yalimtoka. "Nakuomba. Ni bwana yako."

Albertine alikausha mikono kwa kitenge. Alisema atakwenda.

Walifika Kyanika asubuhi. Majani yalikuwa yamekwisha kuwa kijani, mazito, na maji ya chemchemi yalisikika mpaka njiani. Walisimama kwenye kibao cha kumi na mbili, Carine na mganga nyuma kidogo. Muda si mrefu Firmin akatokea. Alikuwa amekonda, ndevu zimemfunika kifua, miguu imevimba. Hakutembea katikati ya njia. Alitembea pembeni kabisa, begani majani yakimkwaruza, kama mtu anavyofanya anapompa nafasi mwenzake wa kando, na mara kwa mara alitikisa kichwa kukubali jambo aliloambiwa.

Alipomwona mkewe macho yake yalifunguka. Midomo ikacheza. Kwa sekunde moja alikuwa Firmin yule wa zamani, aliyemwimbia Jenny akimwogesha, na Albertine aliiona sekunde hiyo, hakujidanganya kwamba hakuiona.

Alikumbuka kengele ya yale makaa. Alikumbuka alivyomsifu.

Hakumtazama mumewe. Alitazama mahali patupu kando yake, akazungumza kwa sauti ya chini, ya heshima, kama anavyozungumza mtu na mgeni.

"Usimuachilie," alisema.

Carine aliziba mdomo. Firmin alishapita, alishageuka mbele ya nyumba, anaelekea kwenye kibao cha kwanza. Na kutoka pembeni yake, pasipo na mtu, sauti nene isiyo ya Ambroise wala ya mtu yeyote wa Likasi ikaitika:

"Ndiyo, mama."